Barua kwa mwanangu: banda kwanza, mbwa atasubiri

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikia, japo mjukuu alikuwa anapiga kelele nyuma mpaka nikaomba baba yako anisaidie kusikiliza. Unauliza, sasa mmehamia nyumba yenye uwanja huko Dodoma, uanze na nini kati ya kuku, mbwa na bustani ili ndugu wakija Krismasi wakute kumechangamka.

Anza na banda la kuku, kuku wenyewe watafuata. Huku Mwanza vuli ishaingia, juzi imepiga usiku kucha na zile radi za ziwani, asubuhi kumbikumbi wakatoka kila tundu, basi paka anaruka, kuku wanagombania, mbwa mzee mzima analamba chini, yani burudani. Ila wakishiba tu nikawarudisha kuku bandani, maana mchicha wangu ndo kwanza unachomoza na kuku akiingia tutani dakika tano anakuachia udongo mtupu. Urefu wa banda uende mashariki-magharibi, jua lisiwachome ndani.

Na usiseme mama kapanda na mimi napanda. Mvua zetu haziendani. Sisi tuna vuli kuanzia Oktoba halafu masika Machi mpaka Mei, nyie mna msimu mmoja na mara nyingi mpaka Desemba ndo unaeleweka. Kwa hiyo mchicha wa Krismasi utamwagilia kwa ndoo, mwaga mbegu wiki ya mwisho ya Novemba, ndani ya wiki nne unachuma. Mnavu unachelewa, utangulie. Mbolea ya kuku usiweke mbichi inaunguza miche, iache ioze kwanza. Hili baba yako hajawahi kulikubali, kila mwaka nyanya zake zinakauka na kila mwaka anasema ni jua.

Ukishanunua kuku, chanjo ya ugonjwa wa mdondo kabla hujafikiria supu. Ni tone moja tu jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3, na kichupa kimoja kinatosha kuku wengi hivyo ungana na majirani mchange. Wa mnadani usiwachanganye na wa zamani siku hiyohiyo, watenge kwanza kama wiki mbili uwaangalie.

Mbwa asubiri Januari. Najua watoto wanamlilia, lakini mbwa mdogo anataka mtu wa kumfundisha kwamba kuku siyo wa kukimbizwa, na we Desemba utakuwa jikoni kutwa, nani atamfundisha, mumeo? Akifika miezi 3 achomwe sindano ya kichaa cha mbwa, arudie kila mwaka, na kadi yake uitunze. Mtoto aking'atwa, hata na mbwa wa jirani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima halafu hospitali hapohapo, msikae kusikilizia.

Sasa hao ndugu. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 shangazi yako wa Sengerema hana tena habari ya kusubiri kivuko, anakuja huku kwangu katikati ya wiki bila hata kubipu, ananikuta na kanga ya bustani na mikono ina udongo. Simlaumu, nyumba inapendeza ikiwa na watu. Ila nakwambia wageni hawaangalii maua, wanaangalia sufuria. Mi nikisikia geti tu nachuma matembele, nakaanga dagaa, michembe ya viazi vitamu nlishakausha tangu kiangazi ipo kwenye gunia, wanakula wanashiba wanaanza kusema watu. Kwa hiyo yale majani ya mapambo uliyonitumia picha achana nayo, hela hiyo nunua wavu wa banda, tena wavu wenye matundu madogo, kicheche hapiti.

Fundi asianze kuchimba kabla hujanitumia picha za uwanja, moja ya asubuhi na moja ya jioni nione kivuli kinaangukia wapi. Mbegu za mnavu nimeshazifunga kwenye bahasha, Ijumaa nampa konda wa basi, we ukazifate stendi na umpe hela ya soda.

Mama