Jibu: Kwa nini marubani huvutana miaka baada ya mashirika kuungana

Mkuu, umeuliza kwa nini ndege zikishapakwa rangi moja marubani bado wanavutana. Mishahara si kesi kubwa, mkataba mpya wa hali bora unaweza kubeba kiwango cha juu kati ya mashirika mawili. Kasheshe iko kwenye orodha ya ukongwe kazini. Namba yako humo ndiyo inaamua unarusha ndege gani, unakuwa kapteni lini, Krismasi uko nyumbani au angani, na nani anapunguzwa kwanza.

Chukua Marekani. Mashirika ya ndege America West na US Airways yaliungana 2005. Marubani wa US Airways, ambao ndio walikuwa wengi, walitaka ifuatwe tarehe ya kuajiriwa. Msuluhishi George Nicolau, mwaka 2007, akawaweka wenzao waliokuwa wamesimamishwa kazi mkiani, hata wale wa miaka zaidi ya kumi. Wakachachamaa. Mwaka 2008 wakatumia wingi wao kukipiga chini ALPA, chama cha marubani kilichokuwa kinawawakilisha, na kuingiza chama kipya, USAPA. Orodha ya Nicolau haikuwahi kutumika, na hadi muungano na American Airlines mwaka 2013 kila upande ulikuwa bado unarushia mkataba wake wa zamani. Mwajiri, kwa maoni yangu, hakuumia sana: mikataba ile ilikuwa nafuu kwake.