Jibu: Usiupige presha ukuta wa chokaa

Ndugu yangu, umeuliza kama ukodishe mashine ya presha ya kuoshea magari uondoe weusi kwenye kuta za nje za nyumba ya marehemu babu yenu, Mji Mkongwe. Nakuomba sana usifanye hivyo. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na lipu yake ni laini, ukiikwaruza kwa ukucha inaacha unga. Mashine hata ile ndogo hurusha maji kwa mgandamizo wa baa 100 hivi. Kwetu fundi alijaribu kwenye pembe moja tu: weusi ukatoka, lipu ikatoka nayo, tukabaki tunatazama jiwe. Maji yaliyopenya yakakaa wiki kadhaa, chumvi ikachanua upande wa chumbani.

Weusi ule ni kuvu, na kuvu hufuata maji. Kwa hiyo tafuta kwanza yanakotoka: mfereji wa bati uliotoboka, au bomba la juu linalovuja. Ziba hapo. Kisha ngoja kiangazi cha kaskazi, chukua ndoo na brashi laini, sugua taratibu, usiloweshe ukuta mzima kwa siku moja. Ukikauka kabisa, paka chokaa nyepesi, mikono mitatu. Saruji na rangi ya plastiki ziache, zinafungia unyevu ndani na lipu inabambuka.

Mashine itakufaa kwenye sakafu ya zege ya uani. Hapo haina neno.