Pai ya Woolton Mezani Kwetu: Kupika kwa Mgawo wa Wakati wa Vita

Tangu bei za vyakula zilipopanda sana hapa Uingereza mwaka 2022, nimekuwa nikipika siku tatu kwa wiki kwa kufuata mapishi ya mgawo wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yaani wakati serikali ilipompimia kila mtu chakula chake, na nyumba yetu ya watu watano hula ikashiba. Aliyenionyesha njia ni bibi mmoja jirani yetu, ambaye alikuwa mtoto wa shule vita ilipoanza.

Mgawo ulianza Januari 8, 1940 kwa bekoni, siagi na sukari, ukaisha Julai 4, 1954 nyama ilipoachiwa. Kiasi kilibadilika mara kwa mara, lakini kwa kawaida mtu mzima alipata kwa wiki gramu 57 hivi za siagi, gramu 227 za sukari na yai moja, ilhali nyama iligawiwa kwa thamani ya fedha badala ya uzito. Wakati wa vita viazi na karoti havikuwekewa mgawo, na hata mkate haukugawiwa hadi mwaka 1946, vita ikiwa imekwisha. Kwa hiyo mpishi alianza na viazi na mboga, nyama ikafuata kama ipo. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunanunua kuku kwanza, kisha tunatafuta cha kumlia, na naamini hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea.

Chakula ninachokipenda kuliko vyote ni pai ya Woolton, iliyobuniwa na François Latry, mpishi mkuu wa hoteli ya Savoy jijini London, ikapewa jina la Lord Woolton, aliyekuwa Waziri wa Chakula. Chukua viazi, karoti, koliflawa na swede (mboga ya mizizi inayofanana na tanipu), kila kimoja gramu 450, uvikate vipande vidogo, uvichemshe kwa dakika 10 pamoja na vitunguu majani vitatu na kijiko kikubwa cha oti, kwa maji ya kufunika tu. Oti ndiyo inayoufanya mchuzi uwe mzito. Mimina kwenye bakuli la oveni, funika kwa viazi vilivyopondwa, uoke hadi juu pawe rangi ya kahawia.

Nilipoipika mara ya kwanza kama ilivyoandikwa, watoto waliiacha nusu, na sikuwalaumu, kwa sababu haikuwa na ladha. Baadaye nilielewa sababu mojawapo: vitunguu maji vilivyokuwa vikitoka Brittany na visiwa vya Channel viliadimika baada ya Wajerumani kuyateka maeneo hayo mwaka 1940. Sisi vitunguu tunavyo, na sioni sababu ya kuuiga uhaba ambao wenyewe hawakuuchagua. Siku hizi nakaanga vitunguu viwili hadi viwe vyekundu, natia kitunguu saumu, tangawizi na kijiko cha bizari nzima iliyosagwa, ndipo mboga ziingie. Sahani hurudi tupu.

Jambo la pili nililojifunza ni sanduku la nyasi kavu, ambalo wapishi wa wakati huo walilitumia kuokoa kuni, makaa na gesi. Mimi natumia sanduku la mbao na mablanketi ya zamani: sufuria ikishachemka vizuri naifunika kwa mfuniko unaobana, naizungushia mablanketi, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe kwa saa kadhaa. Maharage mekundu yanahitaji uangalifu, kwani yana sumu isiyoondoka kwa joto la chini. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika 10 kamili kabla ya kuyaweka sandukuni. Kabla ya kupakua, yarudishe motoni yachemke tena.

Viazi napika na maganda yake, kama Wizara ya Chakula ilivyokuwa ikiwahimiza watu, na maji yaliyochemshia mboga nayaweka kwenye jagi ndani ya friji kwa ajili ya supu ya kesho yake.