Jibu: Bomba la jikoni linaloficha madoa ya maji ya kisima

Habari za leo, ndugu. Umeuliza ununue bomba la namna gani, kwa kuwa hilo la kromu inayong'aa hubaki na madoa meupe kila maji ya kisima yanapokauka juu yake.

Kwanza tazama ndani ya birika lako: ukikuta ukoko mweupe, maji yako yana kalisi nyingi, yaani madini yanayoacha chokaa, na hakuna bomba litakalozuia madoa, ila lipo litakaloyaficha. Mimi nilichagua bomba la nikeli iliyopigwa brashi, yaani metali ya kijivu isiyong'aa sana, ambayo mistari yake midogo hutawanya mwanga na kulifanya doa lisionekane kwa urahisi. Nyeusi isiyong'aa, ingawa inapendeza sana dukani, huanika kila chembe ya chokaa, nami singekushauri uinunue kwa maji kama hayo.

Lifute bomba kwa kitambaa laini kila umalizapo kuosha vyombo, kwani tone lililofutwa kabla ya kukauka haliachi chokaa. Ukoko ukishaganda, changanya siki na maji kwa kiasi sawa, paka kwa dakika chache tu, kisha suuza vizuri, kwa sababu asidi ikikaa muda mrefu hudhuru nikeli. Waya wa kusugulia sufuria na dawa zenye klorini usizitumie kabisa.