Madaftari ya ndege, mjusi wa bluu na picha za wanafunzi: maswali yenu kuhusu kuweka data wazi

Toleo lililopita niligusia kidogo hii habari ya kuweka wazi data za viumbe, yaani nani kaona mnyama au mmea gani, wapi, lini, ili mtafiti yeyote popote alipo azitumie bila kuomba ruhusa kwa mtu. Sikutegemea meseji zingekuwa nyingi hivi jamani. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imenigusa.

*Dada, salaam. Mi naongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege huku Amani. Tangu 2009 kila nikitoka msituni naandika nimeona ndege gani, wangapi, sehemu gani. Nina madaftari 14. Sasa kuna mtafiti wa nje kaniomba ayapige picha, anasema ataweka data wazi mtandaoni zisaidie sayansi. Wenzangu wananikataza, wanasema hao wakishachukua wanapata digrii zao na we unabaki na kiatu kilekile kilichotoboka. Niwape au nifiche?* (Mwongoza wageni, Muheza)

Salaam kaka. Kwanza hongera, na sisemi kukufurahisha. Madaftari 14 ya mtu mmoja, msitu uleule, macho yaleyale, hicho kitu watafiti wengi hawana na hawawezi kukinunua maana huwezi kurudi 2009 ukahesabu hondohondo upya.

Wenzako wana sababu ya kuogopa, sitaki kuwabeza. Huko huko kwenu Usambara 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikusanya kale kaua ka zambarau akakapeleka kwao, mwaka uliofuata kakapewa jina la kisayansi la Saintpaulia, jina lake yeye, na leo kanauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Waliokuwa wanaishi na lile ua kabla yake hawatajwi popote. Kwa hiyo mtu wa Muheza akisikia "tunachukua kwa ajili ya sayansi" akashtuka, namwelewa kabisa.

Lakini tuangalie upande wa pili. Vielelezo vya mimea vilivyokusanywa enzi za Mjerumani huku kwetu, vingi vilipelekwa Berlin, vikakaa pale kwenye jengo moja, na Machi 1943 ndege za vita zikapiga, hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ikaungua, sehemu kubwa sana ikawa majivu, zikiwemo sampuli za kwanza kabisa ambazo majina ya mimea yetu yalitolewa kwazo. 2018 Brazil nayo, makumbusho ya taifa ya Rio de Janeiro iliungua usiku mmoja. Sasa kama majengo makubwa ya mawe yanaungua, we madaftari yako yako wapi? Kwenye sanduku chini ya kitanda? Amani mvua tunaijua, mchwa tunawajua. Mi mwenyewe nilipokuwa msaidizi wa utafiti nilijaza karatasi za vipepeo msimu mzima, nikakabidhi kwa mradi mmoja bila kubaki na kopi, mradi ukaisha, laptopu iliyokuwa na kila kitu ikaondoka na mtu, na mpaka leo nikipita ule msitu roho inauma. Hakuna aliyeiba, zimepotea tu, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo data zetu nyingi zinavyokufa.

Kwa hiyo jibu langu ni toa, ila toa kwa mkono wako na kwa jina lako.

Iko hivi. Kuna mtandao unaitwa GBIF, ulianzishwa 2001, ofisi yake kuu iko Copenhagen, Denmark, lakini ni wa nchi nyingi kwa pamoja na kwa Tanzania wanaousimamia ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Una rekodi zaidi ya bilioni 2 za viumbe na kila mtu anadaunlodi bure. Kila seti ya data inayoingia mule inapewa namba ya kudumu, DOI, na mtu akizitumia kwenye makala anatakiwa ataje hiyo namba, na ukurasa wa data zako unaonyesha makala gani zimezitumia. Alafu kuna leseni tatu za kuchagua. CC0 maana yake umeachia kabisa. CC BY maana yake tumia utakavyo ila nitaje. CC BY-NC maana yake nitaje na usifanyie biashara. We chagua CC BY, usikubali mtu akuchagulie CC0 haraka haraka eti ndio rahisi, maana hapo kutajwa kunabaki ni uungwana wake tu na sio sharti.

Na huyo mtafiti wako kabla hajapiga picha hata ukurasa mmoja mwandikiane, karatasi moja inatosha. Kwamba madaftari hayatoki kwako, anapiga picha hapo hapo. Kwamba picha zote anakuachia kopi kwenye fleshi au hard disk. Kwamba kwenye ile safu ya "aliyeona" kila mstari una jina lako, na kwenye waandishi wa seti ya data upo, tena mbele. Kwamba akiandika makala kutokana nazo unaulizwa na unasoma kabla. Kama anapiga chenga kwenye hayo mambo mwambie asante, kwaheri, nenda COSTECH au kwa watu wa chuo kikuu wakusaidie wao. Kama ni mtu mzuri atakubali yote bila shida, tena atafurahi, maana data zenye mwenyewe anayejulikana zinaaminika zaidi.

Umeniuliza pia kwenye meseji ya pili kama kuna hela. Kusema ukweli kwenye orodha za ndege hakuna, na anayekuahidi hela hapo mwogope. Ila kazi ya kuyaingiza madaftari 14 kwenye kompyuta ni kazi, inalipwa kama kazi nyingine, na wa kwanza kulipwa uwe wewe maana mwandiko wako we ndio unausoma. Hilo liingize kwenye makubaliano. Kitu kingine, orodha ya ndege ulioona sio sawa na damu, manyoya, jani au mbegu. Mtu akitaka kuondoka na hivyo hayo ni mambo mengine, kuna vibali na kuna Itifaki ya Nagoya iliyoanza kufanya kazi 2014 ambayo inataka nchi na jamii vipate mgao wa faida. Februari 2025 ukazinduliwa na mfuko unaitwa Mfuko wa Cali, wa kampuni zinazotumia taarifa za vinasaba zilizo wazi kuchangia, na angalau nusu yake imekusudiwa wenyeji na jamii za maeneo husika. Bado ni mchanga sana, tunaufuatilia. Lakini madaftari yako hayako huko.

Sasa uandike vipi. Eksel ya kawaida, mstari mmoja aina moja ya ndege siku moja. Tarehe kamili. Jina la kisayansi, hili muhimu maana majina ya Kiingereza yanabadilishwa kila siku na ya Kiswahili tunagongana, chozi kwako ni spishi kumi tofauti. Idadi. Mahali, na kama una GPS weka namba, kama huna andika "njia ya kwenda maporomoko, kilomita 2 kutoka kituoni" alafu utafute baadaye kwenye ramani, na useme unaweza kuwa umekosea kwa mita ngapi, mita 50 au mita 2,000, hiyo hupaswi kuionea aibu, inamsaidia mtumiaji kujua atakiamini kiasi gani. Na jina lako. Safu hizo zina majina yake rasmi, mfumo unaitwa Darwin Core, usiumize kichwa nao, wao watazipanga.

Kingine watu wengi hawajui. Andika na ulitembea saa ngapi mpaka saa ngapi, na kama siku hiyo uliandika ndege wote uliowatambua au wale wa maana kwa wageni tu. Unajua kwa nini? Kwa sababu kama orodha ni kamili, na ndege fulani hayumo, basi kutokuwepo kwake nako kunasema kitu. Mwaka 2009 yupo kwenye orodha 9 kati ya 10, mwaka 2024 yupo kwenye 2. Hapo hujahesabu ndege hata mmoja lakini umeshaonyesha kuna tatizo. Usambara yenu kuna kazi ya kuwavisha ndege pete miguuni iliyoanza 1987, na kwa kukomaa tu na sehemu zilezile watafiti walionyesha jinsi vipande vidogo vya msitu vilivyokatwa na mashamba vinavyopoteza wale ndege wa kichakani wa chini. Hiyo kitu mgeni wa wiki mbili haioni. We unaiona.

*Shikamoo dada. Nasoma masters Morogoro, kwenye fieldwork nimekuta sehemu mpya yenye wale mijusi wa bluu. Mtu mmoja kwenye kamati yangu anasema sayansi ya siku hizi ni wazi hivyo niweke GPS zote mtandaoni na thesis. Moyo unasita.* (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Moyo wako uko sahihi, usiweke.

Kwa wasiowajua, huyu ni mjusi mdogo sana, Lygodactylus williamsi, jamaa wa mjusi kafiri wa majumbani, dume lake lina rangi ya feruzi inayowaka mpaka unadhani limepakwa. Anaishi juu ya mikadi, na anajulikana hasa msitu wa Kimboza chini ya Uluguru, msitu wenyewe ni hekta 400 hivi. Wafugaji wa mijusi Ulaya na kwingine wakampenda, na kati ya 2004 na 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa zaidi ya mijusi 30,000. Mkadi unakatwa chini ndio mjusi apatikane, kwa hiyo unapoteza mjusi na nyumba yake. Leo yuko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Watu wa namna hiyo wanasoma makala za kisayansi kuliko sisi. Kule China kuna mjusi wa mapangoni alitangazwa kwa sayansi 1999, eneo likaandikwa, na wafanyabiashara wakafuata maelezo yaleyale wakawamaliza pale.

Uwazi haumaanishi kila kitu kwa kila mtu. Unachofanya ni hivi, rekodi unaiweka, spishi unaitaja, mwaka unaweka, lakini mahali unapafifisha, mfano unaishia jina la wilaya au unapunguza tarakimu za GPS mpaka ibaki kama kilomita 10 au zaidi, na unaandika wazi kabisa kwamba umefifisha na kwa nini, na nani aombwe zile kamili. Hilo la kusema kwamba umefifisha usiliruke, maana mtu akichukua nukta yako akadhani ni ya kweli atachora ramani ya mjusi katikati ya shamba la mkonge. Zile kamili wape walinzi wa msitu na wizara, wao wanazihitaji leo na sio baada ya thesis kutoka. Na mwambie huyo wa kamati kwa heshima kwamba miongozo ya GBIF yenyewe inaruhusu na inaelekeza hivyo kwa viumbe walio hatarini, hujaenda kinyume na mtu.

Na picha za simu! Angalia kabla hujaposti wasapu, simu nyingi zinaweka GPS ndani ya picha yenyewe. Zima.

*Habari dada. Mimi ni mwalimu wa baiolojia Kilifi, wanafunzi wangu wanapiga picha wadudu na maua kwa simu. Hizi nazo ni data ama ni kujifurahisha tu?* (Mwalimu, Kilifi)

Mwalimu, ni data kabisa. Weka apu ya iNaturalist, ilianza 2008 California kama kazi ya wanafunzi nao. Mtoto anapakia picha, tarehe na mahali, watu wengine wanasaidia kutambua, na zaidi ya theluthi mbili wakikubaliana spishi ni ipi rekodi inapanda daraja na inaweza kwenda mpaka GBIF, mradi leseni inaruhusu. Kwa spishi zilizo hatarini apu yenyewe inaficha mahali, inaonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya kiboksi cha kama kilomita 22 kila upande. Hapo Kenya kuna na Kenya Bird Map kwa ndege peke yake, nchi imegawanywa miraba ya kilomita 9 hivi kila upande, na kuna miraba ambayo haijatembelewa vya kutosha, darasa lako likichukua mmoja na kuurudia kila muhula mtakuwa mmefanya kazi ya maana sana.

Tahadhari chache. Walio chini ya miaka 13 wasifungue akaunti, tumia yako wewe. Wasipige nyumbani kwao, mahali panaonekana. Na muhimu, mwarobaini na mibogenivilia ya kupandwa pale shuleni muiwekee alama ya "imepandwa", kwa sababu darasa la watu 40 likipakia ule mwarobaini mmoja mara 40 bila alama, mtafiti wa mbali ataona msitu wa mwarobaini Kilifi ambao haupo. Na kabla hamjatoka kila mtu aangalie tarehe ya simu yake, nimeshaona rekodi nzuri ya kipepeo iliyoandikwa 1970.