Papa, Mazembe haikuanza na pesa

Lubumbashi, Kamalondo

Papa,

Ninakuita Papa kama siku zote kwa sababu unabeba jina la baba yangu, na swali lako ni lake kuliko langu. Umenitumia sauti kwenye simu kutoka Dar es Salaam: wenzako wa kazini, wa Simba na wa Yanga, kwa mara ya kwanza wamepatana, wanakucheka wewe. Eti Mazembe, timu yetu ya mpira ya hapa Lubumbashi, ni mali ya tajiri mmoja, Moïse Katumbi, na bila yeye nani angeijua? Kisha ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ni kweli?"

Nusu ni kweli. Acha nianze na ile nusu nyingine.

Timu hii ni ya mwaka 1939. Watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface, enzi mji huu ukiitwa Élisabethville, walitaka wanafunzi ambao hawakuelekea upadre wapate la kufanya. Wakaunda Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul, na watawa walipoiachia ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoidhamini. Ndiyo, matairi. Babu yako hakuwa hata na baiskeli, lakini kila Jumapili jina la tairi lilikuwa mdomoni mwake.

Mwaka 1966 Englebert walichukua ubingwa wa nchi, Kombe la Congo na Kombe la Katanga, na kwenye ligi hakuna aliyewafunga. Hapo ndipo watu wakawabandika jina la Tout Puissant, wenye nguvu zote. Sasa waambie wenzako wapige hesabu: Katumbi alizaliwa mwisho wa 1964. Jina hilo linapatikana, yeye alikuwa bado anafundishwa kutembea.

Kombe letu la kwanza la vilabu vya Afrika ni la 1967, na hapa lazima nikuambie ukweli ambao mashabiki wenzangu huupita haraka. Fainali ilikuwa na Asante Kotoko wa Ghana. Kumasi 1-1, Kinshasa 2-2. Ikaitishwa mechi ya tatu Yaoundé. Kotoko hawakufika, na kombe wakapewa Englebert bila jasho la siku hiyo. Babu yako hakuipenda hadithi hii. Ukiitaja mezani alikuwa anamega bukari, ugali wetu, kimya kimya mpaka uhamie kwingine. Lakini mwaka uliofuata walimpiga Étoile Filante wa Lomé 5-0, na hata walipokwenda kule wakafungwa 4-1, hesabu ilikuwa imekwisha. Timu ya kwanza kutetea kombe hilo. Ilibidi Afrika isubiri mpaka Enyimba, 2003 na 2004, kuona timu nyingine ikifanya hivyo.

Fainali ya 1969 walipoteza kwa Ismaily wa Misri. Ile iliyofuata walikutana tena na Kotoko, na Kotoko wakalipiza kisasi palepale Kinshasa, 2-1. Nilikuwa mtoto, nilisikiliza kwenye redio ya jirani, na nilimwona babu yako akitoka nje kabla mtangazaji hajamaliza. Fainali nne mfululizo, Papa. Nani alikuwa anatoa dola wakati ule?

Kisha Mobutu akataka majina ya wageni yaondoke, Englebert ikawa Mazembe, na baada ya Kombe la Washindi la 1980, tulipomfunga Africa Sports wa Abidjan, tukaingia kwenye njaa. Sina mengi ya kusema juu ya miaka ile. Migodi ilishuka, mishahara ikachelewa, mpira ukafuata. Mama yako, mtoto wa mfanyakazi wa reli, yaani mtu wa Lupopo, wapinzani wetu wa mji huu huu, tangu tumboni, alinicheka kwa miaka mingi chini ya paa nililolilipia mimi.

Na hii ndiyo ile nusu ya kweli. Katumbi alishika uongozi wa timu mwaka 1997, na pesa yake ilibadilisha mambo. Wachezaji wakalipwa kwa wakati, wakaja Wazambia, Waivory Coast, Waghana, na mwaka 2011 tukapata uwanja wetu wenyewe hapa Kamalondo, wenye viti 18,500. Atakayekuambia pesa haikufanya kitu anakudanganya. Lakini Trésor Mputu hakununuliwa ng'ambo, ni mtoto wa Congo hii hii, na mwaka 2009, tulipomaliza njaa ya miaka 29 mbele ya Heartland wa Nigeria, yeye ndiye alikuwa moto wetu. Owerri tulifungwa 2-1, hapa tukashinda 1-0. Goli la ugenini likatuokoa. Mwaka uliofuata Espérance wa Tunis walikula tano hapa Lubumbashi.

Desemba 2010 unaikumbuka mwenyewe. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu tukafungwa mechi zote mbili. Safari hii, tena Mputu akiwa amefungiwa, tulimtoa Pachuca wa Mexico 1-0. Siku ya Internacional ya Brazil, Kabangu alifunga la kwanza, kisha umeme ukakatika mtaani. La pili, la Kaluyituka, tulilijua kwa kelele za jirani mwenye jenereta. Ukaanza kuruka kwa makalio kama Kidiaba, kipa wetu, kuanzia sebuleni mpaka barazani, suruali ya shule ikapasuka. Mama yako aliishona usiku uleule huku anacheka, yeye mtu wa Lupopo! Inter Milan walitupiga 3-0 kwenye fainali, sawa, lakini kabla yetu hakuna timu nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyowahi kufika pale.

Kuhusu hao wa Simba, wakumbushe kwa adabu. Mwaka 2011 tuliwatoa nje ndani, wakakimbilia CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kushtaki juu ya mchezaji wetu Bokungu, na sisi tukaondolewa mashindanoni. Nilikasirika, lakini siwezi kusema walikosea: karatasi zetu hazikuwa sawa, na hilo ni kosa la wakubwa wetu. Halafu mwaka huohuo wakatuuzia Samatta! Mwaka 2015 yeye na Ulimwengu, Watanzania wawili, walikuwa kwenye timu iliyomfunga USM Alger, 2-1 kwao na 2-0 hapa. Samatta alipiga penalti ya fainali, na miezi michache baadaye akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Kombe letu la tano. Hawakumcheka siku ile, au siyo?

Dada yako ananiambia niongeze akina dada wa Mazembe, waliochukua kombe la Afrika la wanawake mwaka 2024 kwa kumfunga AS FAR wa Morocco kwao. Nimeongeza.

Mama yako anakusalimia. Anauliza kama sabuni uliyoahidi imeshapata mtu wa kuileta. Na ukija Desemba, usije na jezi ya Simba ndani ya nyumba hii. Ya Samatta peke yake nitaipokea.

Baba yako