Lord Lucan alikimbilia kwa nani?
Kwa uliyeuliza kama Lord Lucan, yule mwungwana wa Uingereza aliyetoweka akishukiwa kwa mauaji, alifichwa na rafiki: alipokewa, ila hakukaa. Usiku wa tarehe 7 Novemba 1974 yaya wa watoto wake, Sandra Rivett, aliuawa nyumbani kwa familia hiyo, London. Lucan akaendesha gari hadi Uckfield, mji wa kusini mwa Uingereza, kwa rafiki zake, akina Maxwell-Scott. Mume hakuwepo, mkewe, Susan, ndiye aliyemfungulia. Lucan akamwambia eti alimkuta mtu akimshambulia mke wake, Bibi Lucan. Akaandika barua, akaondoka usiku uleule. Susan hakuwapigia polisi simu usiku huo, hapo ndipo ninaposhangaa mimi! Gari, nalo la kuazima kwa rafiki mwingine, lilikutwa Newhaven, mji wa bandari, lina damu. Cheti cha kifo cha Lucan kilitolewa 2016, mwili wake haujapatikana.